Mbwa koko hazaliwi, jamani!

Wadau, leo nimeamka na hasira, mnivumilie.

Mwezi uliopita nilikuwa Kasulu. Nyumba iliyo jirani na pale nilipofikia ilikuwa tupu. Mwenye nyumba, mtumishi wa serikali, alipata uhamisho. Alipakia makochi, friji, kuku, hata ndoo za plastiki. Mbwa akaachwa! Siku tatu alilala getini akisubiri gari lirudi. Siku ya nne akaanza kuzunguka sokoni kutafuta mabaki. Siku ya tano watu walishamwita mbwa koko.

Hivyo ndivyo mbwa koko anavyopatikana. Hatoki porini, anatoka getini kwetu.

Na mwisho wake tunaujua. Malalamiko yakizidi, linatoka tangazo: fungeni mbwa wenu, atakayeonekana anazurura atauawa. Kisha risasi au sumu. Kuna mji mmoja, siutaji, nimewahi kuona watoto wakienda shule huku wakiruka mizoga.

Sibezi hofu ya watu. Kichaa cha mbwa kinaua. Dalili zikishajitokeza, kupona karibu hakupo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, wengi Afrika na Asia. Mtoto aking'atwa, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha akimbizwe hospitali akapate chanjo. Hilo halina mjadala.

Lakini risasi haiondoi kichaa. Ukiua mbwa leo, kesho mkulima ambaye mahindi yake yanaliwa na nyani analeta mtoto wa mbwa mwingine, hajachanjwa. Na kati ya waliouawa, wamo waliokuwa wamechanjwa! Wataalamu wanasema chanja asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa unakatika. Na hizi si hadithi za Ulaya. Pemba walichanja, ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Ukarudi 2016, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umetokomezwa. Ni chanjo iliyofanya kazi hiyo, siyo bunduki.

Najua mtauliza: watu wenyewe wanahangaika na dawa, wewe unatuletea habari za mbwa? Ndugu yangu, mbwa aliyechanjwa na mwenye kwao ndiye kinga ya mtoto wako.

Yule wa Kasulu nilimchukua. Bwana mifugo akamchanja, akanipa cheti. Nikamlea wiki mbili kwa ugali na dagaa, huku nikimuulizia kwa kila niliyekutana naye. Akapatikana mzee mmoja wa Kibondo, shamba lake limeshindikana kwa nyani na nguruwe pori. Kondakta wa basi alinicheka, lakini dereva wa lori la maharage akatupakia. Juzi mzee kanipigia: "Mwanangu, mwaka huu nitavuna."

Huko Arusha wapo Mbwa Wa Africa, wanaokota mbwa, wanawatibu na kuwatafutia wenyewe wapya. Sisi tusisubiri jengo wala mfadhili. Ua wako unatosha kwa mbwa mmoja kwa wiki mbili.

Kwa hiyo nasema hivi. Mtumishi ukihamishwa, hama na mbwa wako, au mkabidhi kwa mtu, pamoja na cheti chake cha chanjo, kabla hujapakia makochi. Waheshimiwa madiwani, hela ya risasi iende kwenye chanjo, na mbwa akikamatwa zitolewe siku kadhaa za kumtafutia mwenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, haikutungwa ili ipambe kabati.

Na wewe usiyetaka mbwa nyumbani kwako, sikulazimishi. Ila usimwachie mwenzako wa kwako akamlipie kwa risasi.

Naomba kutoa hoja.