Tarakilishi Haina Akili

Nina dukuduku kuhusu chombo ambacho siku hizi kimekuwa kama mganga hapa shuleni. Jambo likisemwa na mwalimu, tunauliza maswali. Likisemwa na mzazi, tunanung'unika. Lakini ikishasemwa "kompyuta ndiyo imetoa hivyo," basi, midomo yote hufungwa. Kulikoni?

Nadhani tatizo linaanzia kwenye majina. Lile sanduku lililo chini ya meza tunaliita CPU. La hasha! Sanduku ni sanduku. Ndani yake mna feni, nyaya, diski na kifaa cha kugawa umeme, na chini ya feni moja ndipo ilipojibanza prosesa yenyewe, kipande cha silikoni ambacho ukikivua gamba lake hakitofautiani sana na stempu ya posta kwa ukubwa. Fundi akikuambia ati "CPU imekufa," muulize ni sanduku ama ni prosesa, maana huenda ni kile kifaa cha umeme tu kilichoungua, na bei zake si sawa hata kidogo. Hayo niyaache.

Jina linaloniudhi zaidi ni "ubongo wa kompyuta." Hata hili neno letu tarakilishi, nikilitamka nasikia tarakimu na nasikia akili. Tarakimu nakubali. Akili nakataa katakata.

Hebu tuangalie prosesa hufanya nini kutwa kucha. Huchukua agizo moja kutoka kwenye kumbukumbu. Hulifasiri. Hulitekeleza. Kisha huchukua linalofuata. Ni hayo tu. Na maagizo yenyewe ni madogo ajabu: jumlisha nambari hizi mbili, linganisha hii na ile, hamisha nambari kutoka hapa hadi pale, ruka uende kwenye agizo fulani. Mna sehemu ya kufanya hesabu, sehemu ya kuongoza kazi, na vijisanduku vichache viitwavyo rejista vya kushikia nambari zinazotumika sasa hivi. Hata herufi kwake ni nambari; herufi A kubwa ni 65. Kwa hivyo jina lako, ewe msomaji, prosesa hailijui asilani. Inajua nambari.

Basi mbona inaonekana kama inafikiri? Ni kasi, ndugu zangu. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde moja. Ukiketi uyahesabu mapigo hayo, moja kila sekunde, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya miaka 95 hivi! Mtu akifanya upuuzi haraka namna hiyo, hata wewe utamwita profesa.

Wala asili yake si ya kifalsafa. Prosesa ya kwanza kuuzwa ikiwa imekamilika kwenye kipande kimoja cha silikoni, Intel 4004 ya mwaka 1971, ilibuniwa kwa ajili ya kikokotoo cha kampuni ya Busicom ya Japani. Ilikuwa na transista 2,300. Za leo zina mabilioni, lakini ukoo ni ule ule wa kikokotoo.

Na hata hesabu yenyewe yaweza kuiponyoka. Mwaka 1994, Profesa Thomas Nicely wa Marekani alifichua kwamba prosesa ya Pentium ilikuwa ikikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 unapata 1.333820. Pentium ilitoa 1.333739. Ndani yake mlichongwa jedwali la kusaidia kugawanya, na baadhi ya nafasi za jedwali hilo hazikujazwa nambari zilizostahili. Kosa hilo liliigharimu Intel dola milioni 475. Sasa niambieni, ubongo gani huo ambao hauoni haya kutoa jibu bovu kwa sauti ile ile ya jibu zuri? Aliyeshuku alikuwa binadamu.

Ninayasema haya kwa sababu muhula uliopita mwenzetu mmoja darasani alipata alama 71 katika Kemia. Karatasi yake tuliiona sote. Kwenye ripoti ikaja 17. Vidole viliteleza tu wakati wa kuchapa, na simlaumu aliyechapa, alama za shule nzima si mchezo. Lakini prosesa ililinganisha 17 na alama za wengine, ikatoa na kujumlisha kwa uaminifu mkubwa, ikamteremsha kutoka nambari 6 hadi nambari 23. Mzee wake alipokwenda kuuliza, akaambiwa kompyuta haikosei. Ripoti ilikuja kurekebishwa majuma mawili baadaye, na fomu za basari zilikuwa zimekwisha kukusanywa. Kijana huyo sasa anatumwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Kisiagi cha sokoni hakiulizi kama mahindi yana mawe. Ukitia mawe, unapewa unga wenye mawe, tena umesagika vizuri. Lakini mama muuza unga hawezi kusema, "Kisiagi hakikosei, kuleni tu." Watu watamcheka.

Kuna watakaonibishia kwamba siku hizi kuna akili mnemba inayojibu maswali na kutunga insha. Naam, nimeiona. Chini yake bado ni prosesa zinazozidisha na kujumlisha nambari kwa wingi usiosemeka. Nambari zikitiwa vibaya, insha itakuja nzuri na ya uongo.

Ombi langu kwa afisi ni dogo. Kabla ripoti hazijapigwa chapa, orodha ya alama za kila darasa itolewe, kila mwanafunzi aonyeshwe mstari wake kwa siku mbili, atie sahihi kwamba ameuona. Karatasi mbili tatu kwa darasa zinatosha. Wanaoona haya alama zao zisionekane na wengine, waitwe mmoja mmoja na mwalimu wa darasa. Mtihani wa mwisho wa muhula huu uko majuma matano mbele, na fomu za basari hufuata mara tu shule zinapofunguliwa.