Fundi, Rejesha Mfumo Kabla ya Kufomati

Mwalimu akipeleka laptopu iliyogoma kufunguka kwa fundi mjini Sumbawanga, iwe Majengo au Chanji, mara nyingi hukumu huwa moja: "Hii tupige Windows upya." Akiuliza kama mfumo hauwezi kurudishwa ulivyokuwa wiki iliyopita, hupewa sababu za kukataliwa. Sababu hizo mmezisikia, na mimi nimezisikiliza hadi mwisho. Ninaziweka mbele yenu, wasomaji, mzipime, kwa sababu zikikubaliwa bila kupimwa kinachopotea ni alama za wanafunzi, hesabu za chama cha ushirika (AMCOS) na picha za marehemu ambazo hazipigwi tena.

Kinachobishaniwa ni kipengele cha Windows kiitwacho System Restore, kilichoanza na Windows Me mwaka 2000. Kazi yake ni kutunza kumbukumbu za hali ya mfumo kwa tarehe fulani: faili za mfumo, draiva, programu na mipangilio. Apdeti mbaya au draiva ya printa ikivuruga kompyuta, unachagua tarehe ya kabla ya kuvurugika na mfumo unarudi hapo.

Dai la kwanza: ukirejesha mfumo, kazi zako zote zinafutika. Hofu hii ina chanzo. Kipo kipengele kingine, kilichokuja na Windows 8 mwaka 2012, cha kuirudisha kompyuta kama ilivyotoka dukani, na hicho ukikiamuru kifute kila kitu kinafuta. Viwili hivi vinakaa karibu kwenye menyu, na watu wanavichanganya. Kurejesha mfumo hakugusi barua, majedwali wala picha. Kinachoondoka ni programu na draiva zilizowekwa baada ya tarehe uliyochagua, na Windows inaweza kukuonyesha orodha yake kabla hujakubali. Ukirejesha ukiwa ndani ya Windows ya kawaida, hata hatua hiyo yenyewe inaweza kutenguliwa. Ukifanya hivyo kupitia menyu ya uokoaji, haitenguliki. Sasa tazameni mgongano. Fundi anakataa kurejesha mfumo kwa madai kwamba kazi zitafutika, kisha anapendekeza kufomati, tendo ambalo ndilo linalozifuta. Sababu aliyoitoa, kama angeiamini, ingemzuia yeye kwanza.

Dai la pili ni kinyume cha la kwanza, na wakati mwingine hutoka kinywani mwa mtu yuleyule: kwa kuwa Windows inatunza hali ya zamani, huna haja ya nakala nyingine ya kazi zako. Hapana. Kumbukumbu za kurejesha hukaa kwenye diski ileile ya kompyuta, ndani ya folda iliyofichwa. Diski ikifa, au laptopu ikiibiwa ndani ya basi la kwenda Tunduma, kazi na kumbukumbu vimekwenda pamoja, kama mbegu za mkulima wa Laela zilizohifadhiwa ndani ya kihenge kilekile cha mahindi ya kula. Wapo watakaonijibu kwamba tangu Windows Vista toleo la zamani la faili wakati mwingine huweza kuchomolewa humo. Ni kweli, wakati mwingine. Mhasibu asiweke vitabu vya msimu mzima juu ya "wakati mwingine".

Dai la tatu, kwamba kipengele hiki huondoa virusi, halihitaji maneno mengi. Kirusi kinachogeuza folda za flashi kuwa shotikati kinaishi kwenye flashi pia. Rejesha mfumo asubuhi, chomeka flashi ileile mchana, umerudi ulipoanza. Virusi vikali zaidi hushambulia kumbukumbu zenyewe: WannaCry, iliyoenea duniani Mei 2017, ilizifuta kwa makusudi ili mwathirika asiwe na pa kurudi. Hapa mafundi wanaosema kompyuta iliyoambukizwa vibaya ipigwe Windows upya wako sahihi, na ninawaunga mkono, mradi kazi zinakiliwe na kuchunguzwa kwanza.

Dai zito kuliko yote ni la umeme, nalo ni letu hasa. Kwa miaka mingi Sumbawanga ililishwa umeme kutoka Zambia kupitia Mbala kwa kuwa gridi ya taifa haikufika, na kila mwenye steshenari anajua maana ya kukatikiwa katikati ya kazi. Wanasema: umeme ukikatika wakati mfumo unarejeshwa, kompyuta inakufa kabisa, kwa hiyo jambo hili halifai Ufipa. Nusu ya kwanza ina ukweli. Windows yenyewe inaonya kazi hii isikatizwe ikishaanza, na ikikatizwa unaweza kubaki na mfumo usiofunguka. Lakini angalieni wanachopendekeza badala yake. Kufomati na kupiga Windows upya kunahitaji umeme huohuo, na ukikatika katikati, mfumo wa zamani pamoja na kazi zako vimeshaondolewa. Hoja ya umeme ikikubaliwa, inaangusha kufomati kabla ya kuangusha kurejesha. Isitoshe, umeme unaokatika apdeti ikiwa inaendelea ni mojawapo ya vitu vinavyovuruga faili za mfumo, yaani ugonjwa uleule ambao kipengele hiki kiliwekwa kuutibu. Kinachotakiwa ni laptopu yenye betri iliyojaa, au UPS kwa kompyuta ya mezani. Pale umeme ulipoiharibu diski yenyewe, nakubali: kurejesha hakutasaidia, na kila jaribio la ziada linaimalizia diski.

"Haifunguki, utarejeshaje?" Hili ndilo swali linalowanyamazisha wateja. Jibu lipo mkononi mwa fundi. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, kwa kawaida huleta yenyewe menyu ya uokoaji, na kurejesha mfumo kumo humo. Menyu hiyo isipotokea, flashi ya kuwekea Windows, ileile anayotaka kufomatia, ina chaguo la kutengeneza kompyuta linalofika mahali hapohapo. Kompyuta nyingine zitadai kwanza ufunguo wa BitLocker, ulinzi unaoifunga diski. Huo uwe umeutunza mapema.

Linabaki dai la haraka: kupiga Windows upya ni saa moja tu. Saa moja ya nini? Baada yake kuna draiva za printa na za sauti, kuna Office, kuna mipangilio ya mashine ya fotokopi, na kuna apdeti zinazomeza bando la mteja, si la fundi. Na pale Windows au Office inapofunguliwa kwa programu ya wizi inayotaka ulinzi wa virusi uzimwe kwanza, mteja anarudishiwa kompyuta iliyo hatarini zaidi kuliko aliyoileta.

Upande wangu pia una udhaifu ambao sitauficha. Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 ulinzi wa mfumo, ambao ndio unaotunza kumbukumbu hizi, huja ukiwa umezimwa, na asiyeuwasha mapema hana tarehe ya kurudi. Hata ukiwa umewashwa, kumbukumbu za zamani hufutwa nafasi ikijaa. Kwenye Windows 11 toleo la 24H2, tangu apdeti ya Juni 2025, hazitunzwi zaidi ya siku 60. Hiyo ni sababu ya kuuwasha leo na kuweka tarehe mpya kabla ya kila draiva.

Ninyi wenye steshenari na walimu wa Rukwa, nawasihi mkatae neno "kufomati" mpaka mambo mawili yawe yamefanyika: fundi amejaribu kurejesha mfumo, isipokuwa diski imeharibika au virusi vimeingia vibaya, na folda zenu zimenakiliwa kwenye diski ya nje nanyi mkaziona zikifunguka.