Parachichi limejaa shambani, kunde tunanunua sokoni

Rungwe nzima parachichi linazidi kupanuka, na kata ya Ibighi haiko nyuma. Simlaumu mkulima. Tangu Novemba 2022, China ilipofungua soko lake kwa parachichi la Tanzania, kila mwenye robo eka anatafuta miche. Tatizo huanza miti ikikua na matawi kufungana: maharage chini yake hayapati jua. Wa kwanza kuliona ni mama mwenye nyumba, kwa sababu mboga aliyokuwa akichuma sasa anainunua.

Na soko la nje lina tabia zake. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwake, bei ikaporomoka kwa wakulima wetu wa Lindi, Mtwara na Manyara. Mbaazi angalau zilipikwa. Parachichi lililokosa mnunuzi halilishi familia mwezi mzima.

Ndiyo maana swali la kunde linarudi: kwa nini tusizipande hapa? Msikilizaji, kunde ni zao la joto. Tukuyu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Hapo kunde hukimbilia majani, maganda huwa machache, nayo huoza kabla ya kukauka. Mbegu za kituo cha utafiti cha Ilonga, kama Fahari, Tumaini na Vuli, zingependa zaidi Kyela kuliko kwetu.

Kwa Ibighi, mimi naona zipandwe kwa ajili ya majani tu. Eneo dogo karibu na nyumba linatosha, au katikati ya miche ya parachichi ingali mifupi, ukikwepa baridi ya Juni na Julai. Majani machanga huchumwa baada ya wiki chache, na mizizi huongeza naitrojeni kwenye udongo.

Punje tutaendelea kununua kutoka mabondeni. Ukinunua nyingi, jihadhari na fukusi: hutaga mayai kunde zikiwa bado shambani, hivyo gunia safi la leo huwa matundu na vumbi baada ya miezi michache. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayoitwa Kinga Njaa, chimbuko lake ni utafiti wa kuhifadhi kunde uliofanyika Kameruni miaka ya 1980. Haihitaji dawa. Kausha punje vizuri, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, kisha weka mfuko mbali na panya. Wa Tukuyu hawana adabu, na tundu moja linatosha kuwarudishia fukusi hewa.