Nyuki Anayesahau Njia ya Nyumbani



Majira ya kuchipua yamewadia, na wengi wetu tulio hapa Uingereza tumeanza kushughulikia bustani zetu ndogo za nyuma ya nyumba. Madukani, chupa za dawa ya wadudu zimepangwa kando ya miche. Kabla hatujazifungua, tumtazame kiumbe ambaye Sura ya 16 ya Qur'ani Tukufu imepewa jina lake, yaani nyuki.

Dawa humdhuru nyuki kwa njia mbili. Ya kwanza ni sumu impatayo papo hapo. Mwaka 2008, katika bonde la mto Rhine, kusini-magharibi mwa Ujerumani, wakulima walipanda mahindi ambayo mbegu zake zilipakwa dawa iitwayo klothianidini. Dawa haikushikamana vema na mbegu, na mashine za kupandia zikaipeperusha kama vumbi, likatua juu ya maua ya jirani. Makundi ya nyuki zaidi ya 11,000 yalidhurika.

Ya pili ni ya siri. Dawa za jamii hiyo, neonikotinoidi, hupanda na utomvu kutoka mbegu hadi ua, zikaingia katika chavua na mbochi. Kiasi kidogo hakimuui nyuki, bali humvuruga fahamu. Mwaka 2012 wataalamu wa Ufaransa waliwabandika nyuki alama ndogo za kuwatambua, wakawalisha baadhi yao thiamethoksamu kidogo, kisha wakawaachia mbali na mzinga. Waliolishwa dawa walipotea kwa wingi kuliko wenzao. Mzinga ukiwakosa watafutaji wake, kundi hudhoofika pasipo kuonekana mzoga hata mmoja mlangoni.

Haki isemwe: dawa si adui pekee. Wapo pia utitiri uitwao varoa, maradhi, na uhaba wa maua. Mkulima naye ana hoja yake, kwani vidukari hueneza virusi viharibuvyo viazi vya sukari. Ndiyo maana, ingawa Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa tatu za jamii hii katika mashamba ya wazi mwaka 2018, serikali iliruhusu thiamethoksamu kwa dharura katika zao hilo huku Uingereza mwaka 2022, 2023 na 2024. Ombi la mwaka 2025 lilikataliwa.

Lakini sisi wenye bustani hatuna hoja ya mkulima. Yeye anahofia riziki yake; sisi tunahofia waridi lenye madoa. Kuhatarisha mzinga wa mtu kwa ajili ya pambo ni jambo la kujiuliza mara mbili.

Basi tuanze na yaliyo mepesi. Vidukari huondoka kwa maji yarushwayo kwa nguvu, au kwa vidole. Ikibidi kutumia dawa, tusome karatasi yake hadi mwisho, tusinyunyize maua yaliyochanua, na tungoje jioni, nyuki wakiwa wamesharudi mzingani. Tuache pia pembe moja ya bustani iote maua ya mwituni, na watoto wetu wahesabu nyuki wanaoitembelea. Watajifunza mengi hapo kuliko katika makala haya.

Wabillahi tawfiq.