Plagi Kuingia Si Hoja: Madai Matano Kuhusu Kebo za Pedali za MIDI

Mpiga gitaa anayetaka kubadili sauti za ampu yake kwa mguu hukwama kwanza kwenye plagi, kabla hata ya kugusa muziki. Pedali yake ina tundu la duara la pini tano, kifaa alichonunua jana kina kitundu cha jeki ya milimita 3.5, na nyaya zilizotandazwa jukwaani ni za maikrofoni. Hapo washauri hawakosekani. Tuwajibu mmoja mmoja.

“MIDI ina nyaya tano, haiwezi kupita kwenye kebo ya nyaya tatu.”

Fungua plagi uone. Ukivuta ganda lake nyuma, mara nyingi utakuta pini tatu tu ndizo zimelehemiwa: ya 4, ya 5, na ile ya katikati, ya 2, iliyoshika waya wa kinga. Pini ya 1 na ya 3 ziko uchi. Aliyeiunda hakukupunja, ndivyo mfumo ulivyopangwa tangu mwaka 1983. Pini ya 4 hutoa mkondo mdogo wa miliampea 5, na ya 5 huufungulia na kuufungia njia, kwa mwendo wa biti 31,250 kwa sekunde. Kwa hiyo kebo ya maikrofoni yenye plagi za XLR, ambayo nayo ina nyaya mbili na kinga, huibeba MIDI vizuri, mradi adapta za ncha zote mbili zimefungwa kwa mpangilio mmoja. Ila usije ukaichomeka kwenye mixa kwa bahati mbaya: zile volti 48 za maikrofoni za kondensa hazikukusudiwa saketi ya volti 5.

“Basi pini ya 1 na ya 3 ni pambo tu.”

Kwa ujumbe wa MIDI, ndiyo. Lakini ziko pedali zinazopokea umeme wake kupitia pini hizo, na nyingine kupitia pini ya 6 na ya 7 za plagi ya pini saba. Ukiiunga pedali ya namna hiyo kwa kebo ya nyaya tatu, haitawaka, nawe utaidhania imekufa. Ipe umeme kwa njia yake nyingine, kama inayo, au tafuta kebo iliyounganishwa pini zote.

“Jeki ni jeki, adapta yoyote itafaa.”

Dai hili ndilo limewapotezea watu jioni nyingi. Makampuni yalianza kutumia jeki ndogo kabla ya kukubaliana, kila moja ikaunga itakavyo. Mwaka 2018 ndipo mwongozo rasmi ulipotoka na kuchagua aina A: ncha ya jeki huenda pini ya 5, pete huenda pini ya 4, shina huenda pini ya 2. Aina B hubadilishana ncha na pete, na vifaa vyake bado vimejaa mitaani. Adapta za aina hizi mbili hufanana kama pacha. Chukua mita, iweke kwenye mlio, gusa ncha ya jeki na pini ya 5. Ikilia, ni A. Ikinyamaza, jaribu pini ya 4. Ikilia hapo, ni B. Ukikosea aina, kwa kawaida hakuna kinachoungua, kwa kuwa upande wa kupokea una kitaa kidogo chenye diodi ya kukilinda. Utapata kimya tu.

“Pedali yangu ni ya USB, nitanunua kigeuzi cha plagi.”

Hapa plagi haiokoi kitu. Kifaa cha USB husubiri kusemeshwa na mwenyeji, kwa kawaida kompyuta. Ampu yenye pini tano si mwenyeji. Zile kebo zenye USB upande mmoja na plagi mbili za duara upande wa pili zina chipu ndani, nazo zimetengenezwa kuunga ala na kompyuta. Kwa pedali na ampu, unahitaji kisanduku kinachofanya kazi ya mwenyeji.

“Adapta nyingi huharibu sauti.”

Sauti gani? MIDI hubeba amri tu. Amri ya kubadili programu ina baiti mbili, nayo hupita kwa milisekunde 0.64. Adapta iliyolegea inaweza kuipoteza amri yote, lakini haiwezi kuifanya besi yako iwe nyembamba.

Kabla ya kulipa, basi, muulize muuzaji maswali matatu: waya upi unafika pini ipi, umeme unatoka wapi, na mwenyeji ni nani. Ukishapata adapta sahihi, ifunge kipande cha plasta na uandike “A” au “B” kwa kalamu ya wino mzito. Jukwaani taa huwa hafifu, na pacha hawajitambulishi.