Mfuko Mmoja wa Tiba

Daftari la michango ya jumuiya yetu huku Marekani lina ukurasa mmoja ulioandikwa masika yaliyopita, wenye majina 27, na mbele ya kila jina dola kumi au ishirini, isipokuwa moja lenye dola tano. Na juu ya ukurasa huo mweka hazina ameandika kwa kalamu nyekundu: mama yetu, Newala, upasuaji wa tumbo. Fedha zilitimia siku ya nne. Siku hiyo mgonjwa alikuwa amekwisha kuteremshwa kutoka uwanda wa juu wa Newala, na jamaa zake wameuza mabati waliyokuwa wakiyadunduliza kwa ajili ya nyumba.

Hatuyasemi haya kwa kuwalaumu waliochanga, ambao baadhi yao hufanya kazi mbili na kulala saa nne tu kwa usiku, bali kwa sababu kila tunapofungua ukurasa mpya twaona kwamba tunaendesha bima pasi na kuiita bima, tena twaiendesha kinyume: twangoja maradhi yaingie ndipo tutafute fedha, ilhali muradi wa bima ni watu kuchanga wakiwa na siha, ili maradhi yakija yaikute hazina imekwisha kujaa.

Tatizo letu ni fedha, si tabibu: kwetu Ndanda, kusini mwa Tanzania, hapakuwa mahali pa kukosa tabibu. Wamisionari Wabenediktini, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuteketea katika Vita vya Maji Maji, walianzisha misheni chini ya ukingo wa uwanda huo wa Newala mwaka 1906, na katika miaka ya 1920 Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, akaanza kazi ambayo wazee wetu hawakuisahau. Upande wa Masasi alifika Dakta Leader Stirling mwaka 1935, akatibu watu Lulindi kwa miaka mingi, na huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Afya tangu 1975 hadi 1980, zama ambazo hospitali ya serikali haikumdai mgonjwa ada. Uchangiaji wa gharama ulikuja mwaka 1993, na tangu hapo fukara, hata pale sheria ilipomsamehe, aghalabu hutazama mfuko wake kabla ya kutazama homa ya mtoto.

Serikali haikukaa bure. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996, ukaboreshwa mwaka 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukatoa Toto Afya Kadi kwa shilingi 50,400 kwa mtoto. Lakini kadi hiyo ilikatwa zaidi na wazazi ambao watoto wao walikuwa tayari wagonjwa, nasi hatuwezi kuwalaumu, maana nani mwenye mtoto mwenye selimundu angesita? Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa. Hilo ndilo funzo ambalo wabishani wengi hulipita: mfuko wa hiari huwavuta wagonjwa na kuwaacha wazima nje, na hazina ya namna hiyo, hata ikisimamiwa na malaika, itakauka.

Kwa hiyo Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tulifurahi, na rai yetu ni kwamba isiishie njiani. Sheria imeacha nafasi ya skimu zaidi ya moja. Sisi twaona tiba ya msingi iwe chini ya mfuko mmoja wa umma, wenye nguvu ya kupatana bei na hospitali zote, za serikali na za misheni, na wenye dhima ya kuzilipa kwa wakati, kwani hospitali ya misheni isiyolipwa hufunga wodi. Fukara alipiwe na serikali. Na mkulima asidaiwe mwezi Aprili, wakati ghala ni tupu. Adaiwe msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba, kwa makato katika chama chake cha msingi cha ushirika, kama akatwavyo ushuru mwingine tangu mfumo wa kuuza mazao kwa stakabadhi ghalani ulipoanza, isipokuwa makato haya yatamrudia yeye mwenyewe kitandani.

Wako watakaosema jambo hili halitekelezeki. Sisi tuishio Marekani twajua jimbo la Vermont lilipitisha sheria ya mfuko mmoja mwaka 2011, na mwaka 2014 gavana wake akaiacha kwa kuogopa kodi. Lakini ng'ambo ya mpaka, jimbo la Saskatchewan lilianza bima yake ya madaktari mwaka 1962, madaktari wakagoma siku 23, serikali ikashikilia, na baada ya miaka kumi Kanada nzima ilikuwa imeufuata mfano wa jimbo hilo la wakulima wa ngano. Wakulima wa korosho si wapungufu kuliko wale.

Hadi mfuko huo utimie, twawaomba wanajumuiya jambo moja. Kabla ya kutuma fedha nyumbani mwezi huu, piga simu, amkia wazee, kisha uulize: kadi ya bima ya kaya ingali hai? Ikiwa imekufa, anza na kuihuisha, wakati hakuna aliyelazwa.