'A' IKIGOMA, MAKAMBAKO INAKUWA MKMBKO

Wiki hii mambo ya mapenzi tuyaweke kando kidogo, maana kuna kasheshe jingine linaloliza vijana mjini: batani moja ya laptopu kugoma. Siyo laptopu nzima, batani moja tu! Na mara nyingi ni ile ile, A.

Unadhani utani? Andika "Mama anapika chapati" halafu hesabu. Herufi zipo 18, A peke yake ni 7. Kiswahili bila A hakipo jamani. Wenzetu Waingereza herufi inayowatoka sana ni E, na E imekaa pazuri, inapigwa na kidole cha kati chenye nguvu. Mpangilio huu wa herufi ulianzia Marekani kwa bwana mmoja aitwaye Christopher Latham Sholes, ambaye mashine yake ya taipu iliingia sokoni mwaka 1874. Mzee wa watu hakuwa na habari na Mswahili wala Mbena. A ikakaa kule pembeni kushoto, na waliosomea kutaipu wanajua kuwa ni kazi ya kidole cha mwisho, kidogo kuliko vyote. Ndiyo maana kwa sisi tunaoandika Kiswahili kutwa nzima, batani hiyo inakula kipigo kuliko wenzake. Ikifa, Njombe inabaki Njombe, haina A hata moja. Lakini Makambako inakuwa Mkmbko, na baba anakuwa bb!

Sasa sikia kisa. Juzi juzi nilikuwa Makambako, na upepo wa pale mnaujua, vumbi linaingia hadi kwenye sahani. Kuna dada mmoja amemaliza kidato cha sita, alikuwa anaomba kazi kwa njia ya intaneti, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa sita usiku siku ile ile. A imekufa. Barua hajaandika, na laptopu yenyewe haifunguki, kwa sababu nywila yake ina A mbili. Alishapita kwa fundi mmoja. Fundi kaigonga mara moja tu, kasema: "Dada, kibodi hii imekwisha, tunabadilisha nzima. Iache, njoo keshokutwa." Bei aliyotajiwa ukiisikia unatafuta kiti.

Nikamwambia dada, futa machozi. Pale pale kwenye ukurasa wa kuweka nywila, pembeni chini, kuna alama ndogo ya msaada kwa wenye ulemavu. Ukiibonyeza unaletewa kibodi iliyochorwa kwenye skrini, unachagua herufi kwa mausi. Akaingia. Barua akaiandika kwa mtindo wa kinyonge lakini unafanya kazi: unatafuta herufi "a" kwenye maandishi yoyote, unaikopi, halafu kila inapohitajika unabonyeza Ctrl na V. Saa tatu usiku maombi yakawa yameshaondoka.

Kesho yake tukaishughulikia batani yenyewe. Chini yake kulikuwa na ganda la karanga! Likatoka, A ikafufuka. Keshokutwa ya fundi ilipofika, hakukuwa na cha kupeleka.

Ndiyo nasema, kabla hujatoa mkwanja, fanya uchunguzi wako mwenyewe. Ni dakika kumi tu.

Kwanza, zima na uwashe upya. Usicheke, wengi wanapona hapo hapo.

Pili, angalia kama siyo mpangilio uliobadilika wenyewe. Ukikandamiza Shift ya kulia kwa sekunde nane kwenye Windows, laptopu inaweza kuanza kupuuza mibonyezo ya haraka, ukadhani batani zimekufa. Na kwenye laptopu nyingine ndogo, Num Lock ikiwaka, J, K na L zinatoa 1, 2 na 3. Hapo hakuna ugonjwa, zima Num Lock maisha yaendelee.

Tatu, azima kibodi ya nje ya USB kwa mshikaji wako au steshenari. Ukiichomeka na A ikaandika vizuri, ugonjwa uko kwenye kibodi ya laptopu. Ikigoma huko pia, tatizo ni la programu, na fundi anayetaka kukubadilishia kibodi anakula hela yako bure.

Nne, hesabu wagonjwa. Ikiwa ni batani moja tu, mara nyingi ni uchafu au kile kimpira kidogo cha chini kimechoka. Zikifa kadhaa kwa mpigo, hasa baada ya kumwagikiwa chai, basi njia za umeme kwenye karatasi za plastiki zilizo ndani zimeliwa, au waya bapa wa kibodi umelegea. Hapo kweli fundi anahitajika.

Kama ni moja, zima kabisa, chomoa chaji, na betri kama inatoka. Igeuze kichwa chini, igonge taratibu mgongoni. Pulizia kwa kipulizio cha mpira, siyo kwa mdomo, mate yanaongeza balaa. Pamba iliyolowa spiriti kidogo ipitishe pembezoni mwa batani, acha ikauke. Kung'oa batani iwe hatua ya mwisho, maana vile vimkasi vya plastiki vilivyo chini yake vikivunjika umejitafutia gharama.

Wenzangu wa Njombe, nyie mna adui mwingine. Ile baridi ya Juni na Julai inawafanya mkae na laptopu ubavuni mwa jiko la mkaa. Majivu yanaruka, yanazama kwenye batani. Na laptopu iliyolala kwenye baridi ukiisogeza ghafla kwenye joto lenye unyevu inatoa jasho. Iache kwanza ipate joto la chumba ndipo uiwashe.

Wala usijione fukara peke yako. Mwaka 2015 Apple walianza kuuza MacBook zenye kibodi nyembamba sana, vumbi kidogo tu batani inakwama. Juni 2018 wakatangaza kuzitengeneza bure, na mwaka 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi Marekani. Machi 2019 mwandishi wa Wall Street Journal, Joanna Stern, aliandika safu akaziondoa E na R makusudi ili wasomaji waone adha aliyokuwa anaipata. Kumbe na wao kwao ni kilio!

Ikibidi kwenda kwa fundi, muulize swali moja: kibodi ya modeli hii imefungwa kwa skrubu au imegandishwa kwenye jalada? Ya skrubu hubadilishwa haraka. Iliyogandishwa ni kazi kubwa na bei yake ni kubwa. Akijibu bila kuifungua wala kuangalia modeli, beba laptopu yako uondoke. Na ukishindwa bei kabisa, nunua kibodi ya USB, au pakua programu ya bure ya Microsoft iitwayo PowerToys, uipe batani usiyoitumia kazi ya kuandika A. Siyo ya kuringia kijiweni, ila barua zitakwenda.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaongelea chaji zinazopata moto kama pasi. Hadi hapo, karanga muwe mnakulia mbali na laptopu!